Mtu wa Majaketi

Pale ufukweni mwa hoteli, West Bay, Carolyne wa mapokezi alimjua mhudumu wa michezo ya majini kama Mtu wa Majaketi tu. Kila mgeni wa kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kasia, alimfunga jaketi la kuelea kwa mikono yake, akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, akauvuta mara mbili, kisha akasema kwa upole, "Pumua." Hakuna aliyeweza kumharakisha. Alasiri moja bibi mzee kutoka Norwe alilikataa. "Kwetu bahari inaingia mpaka kati ya milima," alisema, "na mimi hupiga kasia bila hilo." Mtu wa Majaketi alitabasamu, akashikilia kasia mgongoni, akangoja mpaka bibi akainua mikono afungwe. Hazikupita dakika ishirini, upepo ulivuma ghafla, kayaki ikapinduka mbali. Carolyne alijishika kifua. Kisha akaona rangi ya chungwa ikielea, na bibi akipunga mkono huku boti ya uokoaji ikimfuata. Bibi aliporudishwa, Mtu wa Majaketi alimfungua polepole, uso umetulia. "Karibu tena, mama." Bibi alipoondoka, Mtu wa Majaketi alijaribu kulitundika jaketi; likamponyoka, likaanguka. "Keti kwanza, kaka," Carolyne alimwambia, akampa chupa ya maji. "Leo nimeogopa, dada," alisema, akanywa, akajimwagia yaliyobaki kichwani, akaanza kucheka.