Mkeka wa Mashine Uliopakwa Poda

Siku ya ishirini na moja ya arubaini yangu, mama mkwe aliuosha mkeka wa mashine kwa maji moto na sabuni, akauanika dirishani, akaupaka poda, kisha akamlaza mwanangu juu yake.

Mashine yangu ya kukata karatasi ni ndogo, yaenea juu ya meza ya cherehani. Wachora kwenye simu, nayo inaufuata mchoro kwa kisu chembamba kama sindano. Lakini karatasi lazima ishikwe, na kinachoishika ni huo mkeka wa plastiki wenye gundi upande mmoja. Gundi ikitoka, karatasi inatembea na kisu kinairarua. Mama mkwe aliugusa, ukamnata, akadhani mtoto ameucheulia.

"Nimekusafishia, mwanangu," aliniambia. "Ulikuwa wanata, nzi wangejaa."

Sikuwa na mwingine. Na keshokutwa yake mwalimu wa shule moja ya Ganjoni alikuwa anakuja kuuona mlango wangu: mlango mdogo wa nakshi wa karatasi, ukubwa wa daftari, safu saba, kila safu imekatwa tundu zake na kubandikwa juu ya nyenzake hadi maua yakatokeza kama yamechongwa. Akiupenda, ningepata kazi ya kufundisha watoto siku tatu kwa wiki. Siku tatu za kutoka nyumba hii. Safu nne nilikuwa nimeshazikata.

Nilimpigia mume wangu, aliyekuwa kazini Kilindini kwenye mambo yake ya kutoa mizigo, nikamwomba aniletee mkeka mpya.

"Mzazi na mkeka wa mashine wapi na wapi? Pumzika."

Kupumzika kwenyewe ni kukandwa kwa maji ya moto, kunyweshwa uji wa pilipili manga, kukatazwa ngazi, kukatazwa dirisha upepo usije ukaniingia. Kidato cha nne nilimaliza, hesabu nilipata B, na sikuwa na ruhusa ya kufika duka la mtaa wa pili. Jioni mume wangu alirudi mikono mitupu. Akasema amesahau. Mpaka leo sijaamini.

Nikatumia selotepu. Nilibandika karatasi pande zote nne, safu ya tano ikatoka. Ya sita ikararuka katikati, nikaikata upya kwa wembe, kwa mkono, huku mtoto ananyonya. Ya saba ilitoka na ndevundevu pembeni, nikazisugua kwa ukucha mpaka zikalala.

Mwalimu alipopiga hodi, mama mkwe alishuka kumpokea. Nilimsikia kutoka juu.

"Mzazi hapokei wageni wa kazi, mwalimu. Kaburi lake li wazi siku arubaini. Rudi akishatoka."

Nikafungua dirisha. Kapu la kamba tunalonunulia mboga lilikuwa limening'inia hapo. Nikautia mlango ndani, nikaushusha hadi chini. Mwalimu aliutoa, akauinua juani, akapitisha kidole safu moja hadi nyingine.

"Umeukata wewe?"

"Mimi."

"Basi njoo Jumatatu saa mbili, na mashine yako. Ndiyo tunafungua."

"Nitakuja."

Mama mkwe akatoka kibarazani, akaniinulia uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Nenda, mwanangu, nani kakushika? Mtoto mwachie babake, amnyonyeshe."

Mwalimu alicheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaniuliza arubaini inaisha lini.

"Bado siku kumi na saba."

"Siwezi kuwaweka watoto muda wote huo bila mwalimu," akasema. Alisema kwa upole, akaurudisha mlango kapuni kwa mikono miwili. Nikavuta kamba.

Jumatatu saa mbili nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mikono juu, mama mkwe ananifunga tumbo. Alizungusha kanga, akavuta.

"Imebana?"

"Imebana."

"Ndiyo vizuri," akasema, akaongeza fundo la pili.