Kimya cha Atlantiki

Jumatatu, kwenye ofisi ya tiketi za ndege mtaani Ruwi, mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Kizanzibari. Simu yake ilikuwa juu ya meza, spika wazi, sote tukimsikia mwanawe anayesomea hali ya hewa Florida. Miaka mitatu kijana anaahirisha kuja kuoa, na kila Septemba kisingizio ni vimbunga.

"Mwaka huu hakuna kimbunga," bibi alisema, akigonga meza kwa kidole. "Nnaangalia khabari kila asubuhi. Atlantiki imelala."

"Ndiyo tabu yenyewe, mama," kijana alijibu. "Huu ndio wakati wa vimbunga vingi, na kimya hichi si cha kawaida. Profesa anataka nibaki nikichunguze."

Bibi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya mtandio, akamgeukia karani.

"Basi mwanangu, nikatie tiketi mbili za kwenda huko. Moja yangu, moja ya mchumba wa huyu."

Karani aliinamia kompyuta asionekane anacheka, mimi sikujizuia.

Profesa ana vyombo vya kupimia kila upepo. Cha kumpimia mama aliyechoka kungoja mkwe, sidhani kama anacho.