Posa ya Piano ya Bi Shadya

"Halua ulikula, hukula?"

"Nilikula kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Baba Aron?" mkewe akauliza.

Anselimu akatazama darini kama mtu anayengoja buibui amteremshie jibu. "Kikapu nilikikwangua."

Bi Mwanawema, mwenye nyumba, aliyekuwa kaketi kitako mlangoni akisuka ukili wa mkeka kana kwamba ugomvi haumhusu, akacheka hadi ushungi ukamwanguka mabegani. "Basi imekwisha hiyo! Posa imepokelewa. Mtu hali halua ya Bi Shadya kisha akenda zake."

"Posa gani, Bibi? Mie nilitumwa Wete nikaseme piano yake hatuitaki!"

"Ukasema?"

"Nilikuwa nangoja kwanza nimeze."

Konsolata, mkewe Anselimu, aliyemzalia Aron, alisimama kati ya makochi asijue acheke au alie. Asubuhi ile Bi Shadya alikuwa kapiga simu: piano imeshapandishwa garini, inakuja Wesha, na yeye mwenyewe yu mbele yake, kwani mama hamtoi mwana bila kuona nyumba anayokwenda kukaa.

Konsolata huyu ni mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa bara. Kinanda alifunzwa na masista tangu miguu yake haijagusa sakafu akiketi kitini. Mumewe alipohamishiwa ofisi ya bandari hapa Wesha, Pemba, naye akafunga virago akamfuata, wakapanga vyumba viwili na ukumbi kwa Bi Mwanawema. Watu walikuwa wema, samaki tele, lakini kinanda hakuna, na vidole vyake vikashikwa na njaa. Akawa apiga ukingo wa meza. Akichagua mchele, apiga sinia. Usiku mumewe akilala kifudifudi ampigia mgongoni, na Anselimu huota yuko harusini hadi alfajiri, akaamka kachoka kwa kucheza.

Mtaani wakasema mwalimu ana maradhi ya kutetemeka. Bi Mwanawema akaja na mafuta ya nyonyo, akamkanda vidole hadi vikang'aa kama taa za Idi. Majogoo walikosea, wakadhani kumekucha, wakawika.

"Si maradhi, Bibi," Konsolata alimwambia siku ile. "Vidole vyaogopa kusahau."

Na kweli vilikuwa vyasahau. Wimbo wa harusi yake mwenyewe, mkono wa kushoto uliuanza vizuri kisha ukasimama katikati, kama mzee aliyetoka nyumbani akapotewa na alikokuwa anakwenda. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Anselimu si mtu mbaya. Alipokubali kitafutwe kitu cha kupiga, alikwenda Chake Chake dukani akaona kinanda cha umeme, chepesi, ukimaliza unakisimamisha nyuma ya mlango, na ngoma zake zimo tumboni. Akampeleka mkewe akakijaribu. Konsolata akabonyeza, akarudisha mkono.

"Hakina uzito. Ni kama kusalimiana na mtu asiyekaza mkono. Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika tunalala."

Konsolata alishasikia habari za piano ya Bi Shadya, mjane wa Wete, ya mbao, ya zamani. Imefikaje Pemba, kila mtu ana lake. Wapo wanaoapa kwamba siku ilipoteremshwa kisiwa kiliinama upande mmoja, visima vya Gando vikaingia chumvi wiki nzima, hadi watu walipokwenda kusimama upande wa pili kukisawazisha. Lenye hakika ni kwamba Bi Shadya hakutafuta mnunuzi. Alitafuta mkwe.

Sasa nani aendaye kumtazama mwari peke yake? Konsolata alikwenda na Bi Mwanawema, na bibi yule alifanya kazi kama aliyetumwa na ukoo mzima. Alikagua meno, jeupe na jeusi. Aligonga mgongo kusikiliza mchwa. Alifungua kifuniko akatia pua, akakuta vifuko vya karafuu ndani, mdudu hathubutu. Akauliza kalelewaje, kama ana hasira, kama mvua ya masika humuumiza viungo.

"Jino moja bubu," Bi Shadya alikiri, "na mengine mawili yasemea puani. Bora mkajua sasa kuliko kunirudishia."

Konsolata akaketi. Hakuwa na nia ya kupiga kitu, alitaka kusikia uzito tu. Lakini mkono wa kushoto ukaondoka wenyewe na wimbo wa harusi, ukafika pale penye kupotea, ukapita, ukaenda hadi mwisho, kama mzee aliyefika mlangoni kwake. Akajifuta macho kwa mtandio. Kikaletwa kikapu cha halua na kahawa. Bi Mwanawema akamfinya paja. "Usiguse bado, mwanangu. Hapa aliyekula kakubali. Kamuulize mumeo kwanza."

Mume akaulizwa. Bi Mwanawema akapima ukumbi kwa ukili wake: piano yaingia, makochi yatoke. Hapo Anselimu akawa jiwe. Makochi yale yana vitambaa vilivyofumwa na mama yake. Na wageni je? Konsolata akabishana, akachoka. "Basi kaseme wewe. Mie mdomo hautanyanyuka."

Ndivyo Anselimu alivyofika Wete na njaa ya safari, akatandikiwa mkeka, akawekewa kikapu.

"Bibi," alimgeukia sasa Bi Mwanawema, "wewe ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nitapiga simu. Nitasema nilikula kwa njaa tu."

"Piga, mwanangu, piga. Hadi Kisiwa Panza watapata habari kuna mwanamume Wesha kala halua ya posa akakimbia mwari. Ukipita, watu watakuficha vikapu."

"Na wageni wakae wapi?"

"Mkekani! Sisi tumezaliwa chini, tumeolewa chini, tumesutana chini, na mgongo huu bado umenyooka. Makochi yako watu huketi ukingoni kama kuku anayetaka kutaga."

Konsolata hakucheka. Alitazama mikono yake. "Baba Aron, wimbo wa harusi yetu nusu ilikuwa imeshanitoka. Nilikuficha. Kule Wete ulirudi wote."

Bi Mwanawema akaacha kusuka.

Anselimu alikunjakunja kitambaa kimoja cha kochi, kisha cha pili, akavipanga juu ya redio taratibu. Akavua saa. Akainama akashika mguu wa kochi refu.

"Shika huko."

"Wasema kweli?"

"Shika kabla sijapata akili."

Wakanyanyua. Kochi likakwama mlangoni, likakataa mbele, likakataa nyuma. Bi Mwanawema akawa anatoa amri kama nahodha, inua, laza, si hivyo, wewe mwanamume umekula nini leo! Konsolata sasa alikuwa anacheka hadi nguvu zinamwishia, na Anselimu, jasho likimtiririka masikioni, akasema: "Lakini sikilizeni nyote, nakubali kwa sharti moja. Wimbo wa kwanza lazima uwe—"

"Hodi humu!"

Bi Shadya akapita chini ya mguu wa kochi, akasimama katikati ya ukumbi, akaanza kutazama kuta, moja moja, huku mkwe wake akiwa bado kabeba kochi mlangoni.