Dawa Iliyokauka Ndani ya Tairi

Swabir ni fundi wa baiskeli hapa kwetu Mwabungo. Banda lake liko kando ya njia, na wakati wote utamkuta ameinama juu ya beseni la maji akitafuta tundu la pancha, huku anazungumza na kila apitaye. Hana kiburi. Akikuzibia pancha na wewe huna kitu, atakwambia nenda mama, utaniombea dua. Mwenyezi Mungu amemjaalia moyo huo tangu utotoni.

Nasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wanapolisimulia jambo lake wanacheka. Wanasema fundi wa pancha aliangushwa na pancha. Mimi silioni la kuchekwa.

Ile baiskeli ilitoka kwa mgeni mmoja mtu mzima, ambaye kila mwaka alikuwa akija Diani na kuipanda mpaka kwenye barabara za changarawe kule Shimba Hills. Ni baiskeli nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo, na matairi yake mapana kidogo, yamefanywa kwa ajili ya kokoto na vumbi. Magoti yalipomchosha yule mgeni, alimwachia Swabir, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtengenezea. Akamwachia na chupa ya dawa, na tyubu moja mpya ya akiba.

Matairi yale hayana tyubu ndani. Kinachotiwa humo ni dawa nyeupe, nzito, na mwiba ukiingia ile dawa inakimbilia kwenye tundu na kuliziba. Siku ya kwanza Swabir alipokuwa akiitia, mkewe Twaiba alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Swabir, hilo tui langu unalimimina wapi?"

"Si tui, mke wangu. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya tairi. Likichomwa, linajiziba lenyewe."

"Ungeniulizia kama ipo ya kuziba midomo ya majirani. Ningechukua ndoo."

Rafiki yake Mwau alikuwepo, yule Mkamba mwenye pikapu anayebeba mahindi kutoka mashamba ya juu. Alicheka hata akaketi chini. "Fundi, wewe umejiletea adui nyumbani," alimwambia. "Hii dawa ikifika kwa kila mtu, utakula spoki?"

Lakini msumari ulipoingia kweli siku moja, watu waliona kwa macho yao. Swabir aliung'oa, likatoka tone jeupe, akalizungusha gurudumu tundu likae chini, na upepo ukanyamaza. Watu barazani wakasema mashallah. Tangu siku hiyo lilimwingia kichwani neno moja, na alilisema kwa kila mtu: hii haina pancha. Ile tyubu ya akiba akaiona haina kazi. Aliikata vipande virefu, kama tunavyozikata tyubu zote huku kwetu, ikawa mipira ya kufungia mizigo. Watu wa bodaboda walichukua, hata mimi nilipata mmoja wa kufungia kuni.

Yule mgeni alikuwa amemfundisha vizuri. Alimwambia ile dawa hukauka, hasa kwenye joto kama letu, kwa hiyo baada ya miezi michache alitikise gurudumu na kusikiliza. Akisikia maji yanacheza ndani, sawa. Asiposikia, aongeze. Swabir alielewa. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Maisha yake yote tairi alilipima kwa dole gumba. Likiwa gumu, ni zima. Sijui ni mara ngapi nimemwona akibonyeza, akitikisa kichwa, akamwambia mtu, nenda salama.

Sasa, huyu Swabir alikuwa na mama yake Vanga, bi Mwanarusi. Hakutaka kuhamia Mwabungo hata alipobembelezwa, alisema hawezi kulala mahali asipoijua sauti ya mwadhini. Swabir ndiye mwanawe wa pekee. Na bi Mwanarusi alikuwa na ombi moja tu, ambalo alilirudia kila mwanawe alipokwenda kumjulia hali. Mwanamke akifa, anayeingia kaburini kumpokea na kumlaza kwenye mwanandani ni maharimu wake, mwana au ndugu wa damu. Alimwambia, "Mwanangu, siku yangu ikifika, nipokee wewe. Nisipokewe na mkono mwingine na wewe uko hai." Naye Swabir alimjibu, "Inshallah mama, nitakupokea mimi."

Ramadhani iliyopita Swabir hakuipanda ile baiskeli. Kufunga na kupiga pedali juani hakupatani. Aliitundika ukutani kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na ninyi mnajua joto la mwezi wa tatu lilivyo chini ya bati. Kuku wenyewe walikihama kibanda kile. Idi ikaja, ikapita, mvua za masika zikaanza. Swabir akaishusha, akabonyeza matairi kwa dole gumba, akaongeza upepo kidogo. Yalikuwa magumu. Hakutikisa. Chupa ya dawa ilikuwa rafuni, ingali na dawa.

Bi Mwanarusi alifariki alfajiri, mvua inanyesha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aliyepiga simu alikuwa mjomba Chirau, kaka wa marehemu, mzee ambaye magoti yake hayamsaidii tena.

"Mwanangu, mama yako ametutangulia. Tutamzika baada ya Alasiri. Njoo umpokee."

"Ninakuja, mjomba. Nisubirini."

Twaiba alikuwa amejifungua na bado yumo ndani ya arubaini, kwa hiyo alibaki. Mwau aliposikia, hakuuliza mengi, alileta pikapu mlangoni, ikiwa na mahindi ya watu ya kushusha Lunga Lunga. Swabir akaipakia ile baiskeli nyuma. Alisema barabara ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga itakuwa tope tupu, magari hayatapita, lakini baiskeli itapita.

Walifika Lunga Lunga, Swabir akaswali Adhuhuri. Alipotoka msikitini Mwau alikuwa ameinama mbele ya pikapu akiangalia matairi yake.

"Panda tuendelee," alisema Mwau. "Tutaenda pole pole."

"Hili gari litazama, Mwau."

"Likizama tutasukuma. Watu wako pale njiani, watatusaidia. Buda, leo si siku ya kujaribu baiskeli."

"Hii haina pancha, unajua. Nitapita njia ya ndani, ya mashambani. Nitafika mbele yako."

"Na mimi nimekwambia panda."

"Wewe nenda kashushe mahindi ya watu. Mungu akulipe kwa hapa uliponifikisha."

Mwau alinieleza mwenyewe kwamba alitaka kumshika mkono ampandishe kwa nguvu. Lakini mtu aliyefiwa na mamake utamshikaje kwa nguvu? Akamwacha.

Njia ile ya ndani inapita kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo. Mchanga wake haushiki tope, na mwanzoni Swabir alikwenda vizuri sana. Anasema alikuwa akisoma Yasini moyoni na miguu inafuata kisomo. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imelibeba boma la mtu, yale matawi ya miiba wanayozungushia shamba ili mbuzi wasiingie, na kuyatandaza njiani chini ya maji. Swabir aliona dimbwi tu. Akalipita.

Alipoona gurudumu la nyuma linalegea, hakushtuka. Aliteremka, akautafuta mwiba, akaung'oa, akalizungusha gurudumu tundu likae chini, akangoja tone jeupe.

Ulitoka upepo mtupu.

Akangoja tena. Kisha akainua baiskeli, akaweka sikio kwenye tairi, akalitikisa. Hakusikia kitu. Akalifungua pembeni kwa vidole na ndani akakuta utando mkavu, kama ule unaobaki chini ya sufuria ya uji uliosahauliwa jikoni. Ile dawa yote ilikuwa imegeuka ngozi. Mfukoni alikuwa na pampu, gundi na viraka vya tyubu, lakini tyubu ya kubandika haikuwepo, na kiraka hakikushika kwenye tairi lile lililolowa. Kilichobaki ni ule mpira uliofunga koti lake kwenye kiti, kipande cha ile tyubu ya akiba.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mjomba Chirau.

"Uko wapi, mwanangu? Wameshamwosha."

Na Swabir akajibu kama tunavyojibu sote, kila siku, hata tukiwa bado tunatafuta viatu ndani.

"Niko hapo tu, mjomba. Ninaingia sasa hivi."

Si uwongo wa kumdhuru mtu. Ni adabu yetu, hatutaki anayengoja ahangaike. Lakini angesema, mjomba, nimepata pancha, niko kwenye mikorosho, vijana wa pikipiki pale Vanga wangemfuata na wangempata. Ameniambia neno lilimjia mdomoni, akaona haya. Ameishi akisema haina pancha, basi amwambie nani, na siku ile, kwamba amepata pancha?

Akalijaza tairi majani makavu aliyoyapata chini ya mkorosho, akapanda. Lilikwenda kidogo, likachomoka kwenye rimu na kujiviringa kwenye mnyororo. Akakimbia akiikokota. Alipochoka kuikokota akaibeba begani. Mtu mwingine angeitupa pale pale, na mimi nilimuuliza kwa nini hakuitupa. Alisema hakukumbuka kwamba inaweza kutupwa.

Kule Vanga jeneza lilishatoka msikitini. Na mbele ya nyumba, tope mpaka kwenye vioo, ilikuwa imesimama pikapu ya Mwau. Ilizama mara kadhaa, ikasukumwa, ikafika. Alikuwa amewaachia wenyewe mahindi yao Lunga Lunga na kuja mazikoni, kwa kuwa hakutulia moyo. Alipoulizia Swabir yuko wapi, wazee walimwambia, yuko hapo tu, anaingia.

"Hapo wapi?" aliuliza Mwau. "Mimi nimetoka huko, sijamwona."

"Amesema mwenyewe kwa simu."

"Acheni nimfuate."

"Utamfuata njia ipi? Ukienda huku naye atokee kule. Ngoja."

Wakangoja kaburini. Wazee walikuwa na subira, wallahi, walimngoja kuliko ilivyo desturi. Wakampigia tena, lakini simu yake ilikuwa imeingia maji. Kisha wingu likashuka jeusi kutoka upande wa Tanga na mvua ikaanza upya. Maji yakaanza kuingia kaburini. Kijana mmoja alikuwa ndani akiyachota kwa kopo, na kila alipochota yakaongezeka. Imamu akamtazama mjomba Chirau. Mzee akavua viatu.

Ilibidi ashushwe, huyu anashika kwapa na yule anashika mkono, kwa sababu ya yale magoti. Mwau anasema alitaka kusaidia, kisha akakumbuka kwamba hapo si mahali pake, akasimama nyuma ameshika kofia yake kifuani, mvua inamwingia shingoni.

Swabir alifika wakati watu wanarudi. Alikuja kwa njia ya nyuma, baiskeli begani, tope mpaka kwenye kofia, na wale waliokutana naye walisimama pembeni wakampisha bila hata salamu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Mjomba Chirau alikuwa bado pale, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, kanzu yake imeshikwa na udongo mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Pole."

Swabir akaiweka ile baiskeli chini, akapiga magoti. Watu walidhani atalia kwa sauti, lakini hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia habari ya safari.

"Nani alimpokea?"

"Mimi."

"Na hayo magoti yako?"

"Mungu aliyasimamisha."

"Alikuwa mzito?"

"Mwepesi. Mwepesi sana, mwanangu. Kama nimepokea nguo."

Mwau alikuja akamwekea Swabir koti lake mabegani na kurudi nyuma.

"Kamba za sanda ulizifungua?"

"Nilizifungua zote."

"Na shavu lake? Ulilikalisha kwenye udongo sawasawa?"

"Kulikuwa na maji," alisema mzee. Hakutaka kusema uwongo mbele ya kaburi. "Kulikuwa na maji kidogo, Swabir. Nikaweka mkono wangu chini, maji yakapita, ndipo nikalilaza. Nikamsomea alichonifundisha baba yetu. Kisha nikamwambia asikasirike kwamba ni mimi. Nikamwambia, mwanao yuko njiani, anakuja."

"Ulimwambia niko hapo tu?"

"La," alijibu mzee. "Nilimwambia yuko njiani."