Yule Aliyeinama Kwenye Gazeti

Ilianza Jumatatu, tarehe 13 Agosti 1979, saa nane na dakika ishirini mchana. Najua kwa sababu baba alitazama saa yake kwanza, ndipo akafungua sanduku la bati la marehemu babu.

Ndani mlikuwa na kadi ya ubatizo, kipande, kile kitambulisho cha enzi za wakoloni, na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Picha ilionyesha wanawake saba wa mwethya, kile kikundi cha kulima kwa zamu, wakichimba matuta Kasikeu. Pembeni babu aliandika kwa penseli kwamba wake zake wawili wamo.

Baba hajui sura ya mama yake. Alifariki baba hajaanza kutembea, na mke mkubwa wa babu ndiye aliyemlea. Mimi nimepewa jina la huyo mama yake, kwa hivyo baba huniita mama, hata akinituma kuni. Aliniwekea gazeti magotini.

"Mama, hebu jionyeshe."

Ningesemaje sijui? Mwenye jina anatakiwa ajijue. Nikamgusa yule wa katikati, aliyesimama wima akilichekea jua. Alikuwa mrembo, na ukweli ni kwamba nilitaka kuwa yeye. Baba alimtazama mpaka kuku wakaingia nyumbani na hakuna aliyewafukuza. Akasema kesho atampeleka kwa fundi kule Nunguni, atiwe fremu.

Jioni nilimpelekea nyanya, huyo mke mkubwa, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, kwake ng'ambo ya makonge, gazeti nimelificha ndani ya daftari. Vumbi la njia lilikuwa la dhahabu. Nilitembea kama mtu anayetembezwa na miguu ya mwingine.

Nyanya hunitania kwa sababu ya lile jina. "Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya bwana? Umechelewa, tulishamzika."

Nikamwonyesha picha. Aliisogeza mlangoni penye mwanga, akacheka fizi tupu.

"Huyu wa katikati ni mimi. Mwenye kamera alisema tusimame, nikasimama. Wewe ulikataa. Wewe ni huyu ameinama. Ulikuwa na haya, vile vile kama sasa."

Uso hauonekani. Ni kitambaa, mikono kwenye jembe, na kitu kimefungwa mgongoni.

"Na huyo mgongoni," akasema polepole, "ni baba yako."

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka tu mgongo wangu ulikuwa na joto, kana kwamba kuna mtu amelala hapo.

Asubuhi nilimkuta baba akipiga baiskeli pampu. Mimi si mtu wa kusema mbele yake. Nikalikunjua gazeti, nikaanza na macho chini.

"Baba, jana nilikudanganya. Si huyu. Ni huyu ameinama. Na huyu amebebwa ni wewe."

Alinyoosha mkono mmoja, baiskeli ikayumba. Nikaishika mimi, ili aishike picha kwa mikono miwili.