Mwezi Mchanga

Leona Wachowiak alikuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumsikia akiizungumzia kazi ya ujana wake. Nilijua tu kwamba alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kule mtoni, kabla hakijafungwa, na kwamba kaka yake Kazimierz alifariki akiwa na miaka ishirini na mbili.

Jumamosi moja ya Novemba nilimpeleka kwenye ukumbi wa zimamoto tukale pierogi, maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yaliyopakwa siagi, yaliyouzwa na kanisa. Siku hiyo nusu ya ukumbi ilijaa meza za wauza kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli. Duane Pruitt, mwenye duka la kadi hapa mjini, akamwita kwa utani.

"Mama Leona! Njoo uone mali. Ila usiguse, mikono imejaa siagi hiyo."

"Siagi yangu ina faida kuliko makaratasi yako," akamjibu, akainama kutazama.

Ilikuwa kadi ya mwaka hamsini na nne. Herufi mbili za mwanzo za jina la mchezaji hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na alama hafifu iliyopinda. Wakusanyaji waliiita Mwezi Mchanga. Duane akampa kioo cha kukuzia.

"Tazama vitone vya wino. Njano ipo, nyekundu ipo, buluu ipo. Nyeusi tu ndiyo haipo. Tapeli akikwangua, anaondoa rangi zote. Na zipo aina mbili: mwezi mwembamba na mwezi mpana."

"Tatu," Leona akasema.

"Mbili, mama. Miaka thelathini nazichunguza hizi."

"Na mimi nilizipanga kwa mikono yangu. Zilikuwa tatu. Ya tatu ilichomwa."

Macho yakamtoka Duane. "Ilikuwaje hiyo?"

Leona akavuta kiti. Akasema Kaz, kaka yake, ndiye aliyeshika mashine ya wino mweusi. Uzi ulinasa kwenye bamba la kuchapia, akaufuta kwa kitambaa huku mashine inakwenda, kama walivyofanya wote, maana msimamizi hakutaka isimame. Kitambaa kikaondoa wino: huo ndio mwezi mwembamba. Akafuta tena kwa nguvu: mpana. Mara ya tatu roli za kusambaza wino zikauvuta mkono wake.

"Karatasi za mwisho zilikuwa na damu yake, zikachomwa. Nyingine msimamizi akasema tufungashe, hakuna kutupa kitu. Kaz yuko hospitali anakata roho, mimi niko mezani napanga kadi."

Duane akavua kofia. "Pole, mama. Sikujua."

"Ungejuaje?"

Duane akamwomba ruhusa ya kukiandika kisa hicho. Leona akatikisa kichwa. "Andika jina lake tu. Mengine acha."

Garini tukirudi, Leona alisema maneno machache. "Miaka arobaini na moja. Nilidhani zote zimeshaoza."

Duane aliandika yote, akawasambazia wakusanyaji wenzake. Kufika kiangazi kadi ile ilikuwa ikinadiwa kwa jina la Kadi ya Damu, na haina hata tone la damu. Mtu mmoja wa Ohio akapiga simu kumuuliza Leona kama alificha ya aina ya tatu. Alikata simu. Aliniita nikachomoe waya wa simu ukutani.

Alifariki Februari iliyofuata. Tulimzika kando ya Kaz. Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, wachimbaji walichelewa, tukawasubiri garini, hita inawaka.