Mguu Chini ya Meza

Mshona viatu alikalishwa mezani kabla wageni hawajafika, kitambaa kikashushwa hadi sakafuni. Mguu wake wa kushoto, uliopinda tangu kuzaliwa kama wa mama yake, ukafichika pamoja na kiatu chake cha soli nene. Ufundi alijifunza ujanani kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshonea kiatu cha kumfaa.

"Baba, nakuomba," alisema mwanawe wa pekee, akiupeleka mkongojo jikoni. "Mjomba wa mchumba wangu anachunguza ukoo. Akiuona huo mguu, sina mke."

"Nisiwainukie wageni?"

"Leo tu."

Akakubali. Mtoto amemlea kwa sindano na gundi, atamnyima kukaa kitako?

Mjomba wa binti alikuwa mfugaji wa kuku, mdomo haufungi. Kabla hajaketi vizuri alishaanza kusifu banda lake: kifaranga chenye kasoro hakimalizi siku.

"Hii ni elimu, mkwe wangu. Eujeniki! Mwingereza mmoja aliliunda neno hilo karne ya kumi na tisa, akalitoa kwenye Kigiriki. Maana yake kuzaliwa vyema. Walio bora wazae zaidi, basi."

"Na waliozaliwa vibaya?" aliuliza mshona viatu.

Mwanawe akakohoa.

"Aa, waliomfuata ndio waliozidisha. Wakahasi watu, kwingine wakaua. Lakini wazo lenyewe lina ubaya gani?"

Mshona viatu alikitazama kitambaa. Zamani mtoto wa mguu kama wake akizaliwa, aliletwa kupimwa kiatu. Wambea waliuita mguu huo laana, wakachoka. Siku hizi watoto hao hawaletwi. Hakuwahi kujiuliza wako wapi.

Posa ikakubaliwa, wageni wakainuka. Hapo ndipo palipomuuma. Maisha yake yote hakuna mgeni aliyetoka kwake bila kusindikizwa hadi njia panda, yeye akichechemea na kutania.

"Mkwe hasindikizi?" mjomba aliuliza mlangoni.

"Mzee wangu ana maringo huyo!" mwanawe akacheka. "Hata mimi hanisindikizi."

Wakatoka wakicheka. Mshona viatu akashika ukingo wa meza ainuke, bila mkongojo hakuweza. Akamwita mwanawe, alikuwa mbali na wakwe zake. Akabaki ameketi, akijua kwamba mjukuu akija na mguu huu, yeye hataletewa ampime kiatu.